Good Lock ya Samsung: moduli za kuweka na za kuachana nazo

Wengi wenye Galaxy A34, A54 na ndugu zake wanatumia simu vilevile ilivyotoka kwenye boksi, mtu akijitahidi sana kabadilisha wolpepa na mlio basi, alafu anakwambia Samsung imepoa, bora Tecno ina mbwembwe. Hizo mbwembwe mbona zipo, tena nyingi kuliko unavyodhani, ila Samsung kaziweka pembeni kwenye apu yake inaitwa Good Lock. Ni ya bure, haina matangazo, haikuombi ulipie premium. Mimi natumia A54 na kiukweli hii apu ndo sababu kubwa sijahamia kwingine.

Historia yake fupi tu. Ilitoka 2016, ikapotea kidogo, ikarudi 2018, na muda wote huo ulikuwa unaipata Galaxy Store peke yake tena kwa nchi za kuchagua, wengine tukawa tunahangaika na APK (mafaili ya kuinstall apu nje ya duka) na apu za watu wa pembeni kama Fine Lock na NiceLock zinazokufungulia mlango wa nyuma. Mwaka 2025 ndo wakaileta Play Store, kwahiyo sasa ivi mambo ya kuokota APK mtandaoni hamna haja tena, achana nayo kabisa maana hujui kilichopakiwa humo ndani.

Kabla hujaenda kudownload angalia simu yako kwanza. Zile za bei ya chini zilizokuja na One UI Core (One UI ni ule muonekano wa Samsung juu ya Android, Core ni toleo lake lililopunguzwa), mfano A03 na A04, hazina Good Lock, na Secure Folder, ile folda ya siri yenye kufuli, nayo hazina. Hili muuzaji dukani hakwambii, yeye anakwambia RAM na kamera. Kama unanunua used ingia Settings, About phone, Software information, soma pale kwenye One UI version. Ukiona neno Core basi haya ninayoandika mengi hayatakuhusu, ruka hadi kule chini kwenye vitu vinavyofanya kazi bila Good Lock.

Haya, ukifungua Good Lock utakuta yenyewe kama yenyewe haifanyi kitu, ni rafu tu ya kuchagulia moduli, yaani apu ndogondogo za nyongeza, kila moduli unaiinstall kivyake. Kuna kurasa mbili, Make up na Life up. Make up ni urembo, Life up ni matumizi. Watu wote wanakimbilia Make up, wanajaza moduli saba, wanacheza nazo wikiendi moja, alafu wanasema mbona kitu chenyewe cha kawaida. Mimi nakwambia anza na Life up.

One Hand Operation+. Hii ndo baba lao. Skrini za siku hizi ni kubwa, kidole gumba hakifiki juu, na kama umesimama kwenye daladala mkono mmoja umeshika bomba basi kushusha notifikesheni tu ni kazi. Hii moduli inaweka kishikio chembamba pembeni mwa skrini, kushoto na kulia, ukitelezesha kidole moja kwa moja inafanya kitu kimoja, ukitelezesha kwa kupanda juu kitu kingine, kwa kushuka chini kingine tena, na mtelezo mfupi na mrefu ni vitu tofauti. Hesabu mwenyewe, ni amri sita kila upande. Mimi upande wa kulia mtelezo wa kawaida ni back, wa kushuka ni kushusha paneli ya notifikesheni, mrefu wa kupanda ni skrinishoti, mrefu wa kushuka ni tochi. Back na Home za chini sizigusi siku hizi. Ila ingia kwenye setingi zake ukapunguze upana na urefu wa kishikio, ukiacha kirefu toka juu mpaka chini kitakusumbua kwenye game na kwenye apu zenye menyu ya kuvuta pembeni, alafu kuna sehemu ya kutoa apu fulani ili huko isifanye kazi, itumie. Ukiiweka na kuiacha kama ilivyo utaichukia siku ileile.

Sound Assistant nayo ni ya lazima. Unajua ile hali volyumu ikiwa namba moja bado inapiga kelele na watu wamelala? Humo unagawa hatua za volyumu ziwe ndogondogo, kile unachokiona kama hatua 15 kinaweza kufika 150, kwahiyo unapata kile kiwango cha katikati ambacho simu ilikuwa haikupi. Alafu kila apu inapata volyumu yake, game liwe chini muziki uwe juu, na kuna multi sound ambayo inaruhusu apu mbili zitoe sauti kwa pamoja. Ya mpira hiyo. Unaweka picha ya mechi upande mmoja bila kelele na mtangazaji wa redio unayemtaka anaendelea kwenye apu nyingine, kama umezoea watangazaji wa Kiswahili wenye vionjo vyao utanielewa.

Ya tatu ni RegiStar. Hapa kuna ile ya kugonga mgongo wa simu mara mbili au tatu na kufungua kitu, watu wa iPhone wanayo tangu iOS 14 ya 2020 wanaiita Back Tap na wanaringia sana, ndo hii hii. Mimi kugonga mara mbili kunafungua kamera. Mara tatu nimezima, ukiwa na kava nene haisikii vizuri na ukiweka simu mezani kwa nguvu inaweza ikadhani umegonga, hivo jaribu na kava lako mwenyewe kabla ya kuipenda.

Na Nice Catch, ambayo jina lake linachekesha ila kazi yake ni upelelezi. Simu imetetemeka, unaichukua, hamna meseji hamna missed call. Nani? Nice Catch inaandika apu gani ilitetemesha na saa ngapi, apu gani iliwasha skrini, nani alibadilisha mlio ukaenda silent. Kwa wale walioinstall apu za tochi, za usafi wa simu na za kubeti za ajabuajabu, iweke alafu kaa siku moja uangalie orodha, utafuta vitu. Kuna watu wanaenda kwa fundi wanaambiwa simu ina virusi iflashiwe, kumbe ni apu moja tu ya kibwege.

Sasa Make up. Kiukweli mimi huku napita haraka. QuickStar naikubali kwa jambo moja, inaficha aikoni za juu usizozitaka na kuhamisha saa kati au kulia, ile mistari ya NFC na alarm na sijui nini inaondoka panabaki pasafi. Home Up naiweka kwa ajili ya Recent tu, unabadilisha mpangilio wa apu zilizofunguliwa ziwe orodha au rundo badala ya yale makadi makubwa, pia humo humo unazuia majina ya watu yasijitokeze pale juu ukibonyeza share, na hilo ni la maana sana maana picha ya familia kwenda kwenye grupu la kazini ni mguso mmoja tu. LockStar nzuri kama unapenda kupanga saa na vitu vya lock screen. Theme Park inatengeneza theme kutokana na rangi za wolpepa yako, iko poa, ila utaichoka. Keys Cafe inafanya kazi na kiibodi ya Samsung peke yake, kwahiyo sisi wa Gboard, kiibodi ya Google, haituhusu. Zilizobaki za mapambo jaribu ukiwa na bando la kuchezea.

Camera Assistant nayo ukiiona kwenye video za watu usidhani ni ya kila simu, ilianza 2022 na familia ya S22 na bado inachagua, kama ipo kwako kwenye orodha weka, kama haipo usianze kutafuta APK.

Kuna kero mbili za kuzijua mapema. Kila One UI mpya kubwa ikija moduli kadhaa zinagoma mpaka nazo zipate apdeti, hivo kama simu yako imepangika na unaipenda usikimbilie apdeti siku ya kwanza. Na maelezo humo ndani ni ya kiuhandisi mno, vitu vizuri vimefichwa ndani ya menyu ndani ya menyu nyingine, mtu asiyependa kuchokonoa ataishia ukurasa wa kwanza. Kwa hilo naikata pointi. Mama yangu simwekei, au namwekea mimi kisha sigusi tena.

Tuje kwa wasio na Good Lock, au wavivu. Notification history ipo tangu Android 11, kwenye Settings, Notifications, Advanced settings, washa. Inatunza notifikesheni za saa 24 zilizopita, ikiwemo zile ulizofagia bila kusoma, na ndio, mtu akikutumia meseji WhatsApp akaifuta kwa wote, yale maandishi yaliyotokea kwenye notifikesheni unaweza kuyakuta pale. Ila lazima uwe umeiwasha kabla, haikumbuki yaliyopita.

Modes and Routines kwenye Samsung, kama ipo kwenye simu yako, ni tamu sana. Weka eneo la msikiti au kanisa, ukifika simu inaenda mute yenyewe na ukitoka inarudi, hamna tena kugeukiwa na safu nzima. Nyingine, ukifungua YouTube auto rotate iwake, ukitoka izime. Betri ikishuka asilimia unayoitaka power saving iwake. Hii ukiishi sehemu umeme unakatika bila taarifa utaishukuru.

Na mwisho kitu kidogo ila mimi nakitumia kila siku, zile kodi (code) za miamala, zinazoanza na nyota. Badala ya kuandika *150*00# kila ukitaka M-Pesa, isave kama namba ya mtu, ipe jina, alafu shikilia sehemu wazi kwenye home screen, Widgets, Contacts, Direct dial, mchague huyo mtu. Inakaa kama aikoni, mguso mmoja menyu imefunguka. Simu ya laini mbili yeye atakuuliza laini ipi, mjibu. Mtandao mwingine weka kodi yake. Pia kwenye kiibodi kuna Text shortcuts, kwa Gboard iko kwenye Personal dictionary, ukiandika herufi mbili unazozijua wewe inakuletea namba yako ya malipo nzima au maelekezo ya kufika dukani kwako. Wauzaji wa mtandaoni mnaoandika "tupo Kariakoo mtaa wa fulani ghorofa ya pili" mara mia kwa siku, hii ni yenu.

Good Lock naipa 8 kwa 10. Kama una swali la moduli ambayo sijaitaja uliza na utaje simu yako na One UI version, msije mkaniuliza "kwangu haipo" bila kusema simu gani.