Swichi ya gigabiti, poti 8, miezi minne pale studio kwetu

Studio yetu ipo Morogoro, tunashuti harusi na sendofu, na kilichokuwa kinatutesa ni kuhamisha video toka kompyuta ya kuhifadhia kwenda ile ya kuediti. Harusi moja inafika GB 60, swichi ya zamani (kile kiboksi cha kuunganisha kompyuta kwa waya) ilikuwa ya megabiti 100 kwa sekunde, yaani MB 11 hivi kwa sekunde maana MB moja ni megabiti nane, basi unaanza kukopi asubuhi, unakunywa chai, unahudumia wateja, saa nzima na nusu inaisha ndo inamaliza. Nikanunua ya gigabiti, yaani megabiti 1000, ya bati, haina feni wala seting, unachomeka tu.

Siku ya kwanza niliumia jamani. MB 11 zilezile! Nilitaka kuirudisha dukani, ila nikaona taa ya poti moja rangi yake tofauti na zingine, ni ile ya kompyuta ya kuhifadhia. Kumbe huo waya ulibanwa nyaya nne tu kati ya nane. Nyaya hizo huenda mbilimbili, yaani pea; megabiti 100 inatosheka na pea mbili, gigabiti inataka pea zote nne, ikikosa basi vifaa vinashuka vyenyewe. Tukakata kichwa tukabana upya, ikapanda mpaka MB 110, harusi nzima dakika tisa, kumi. Kwa hiyo wakuu angalieni waya kwanza kabla ya kulaumu swichi.

Ninachoipendea zaidi ni tukikopi wawili kwa wakati mmoja. Mimi navuta harusi, dogo anatuma albamu kwenye kompyuta ya printa, na hakuna anayemchelewesha mwenzake. Kila kifaa kina anwani yake ya MAC, yaani namba yake ya kutambulika kwenye netiweki, sasa data ikiingia swichi inasoma imetoka kwa nani na imepita poti ipi, inaandika kwenye jedwali lake, baadae ikija data ya huyo inampelekea kwenye poti yake tu. Kama bado haimjui inaituma poti zote isipokuwa ile ilikotokea, mwenyewe akijibu ndo ameshajulikana. Habu za zamani, vile viboksi vilivyotumika kabla ya swichi, zilikuwa zinarudia kila kitu kwa kila mtu, mkituma wawili zinagongana mnaanza upya. Ila mkivuta wawili toka kompyuta moja mtagawana gigabiti ya poti hiyo, hapo hakuna ujanja.

Udhaifu upo. Mwezi wa pili msaidizi wetu alichomeka waya mmoja ncha zote mbili kwenye swichi hiyohiyo, netiweki yote ikafa, taa zinawaka zote kwa pamoja bila kupumzika, printa haionekani. Zile data za kutangaziwa wote zinazunguka humo hazina pa kuishia, na hizi swichi za kuchomeka tu nyingi hazina kinga ya hilo. Ilibidi tuchomoe waya mmoja mmoja mpaka tukaupata. Sasa hivi kila waya nimeubandika jina pande zote mbili.

Spidi ya intaneti haiongezi hata kidogo, hiyo ni ruta na bando lako. Lakini intaneti ikikata sisi tunaendelea, maana data za humu ndani hazina haja ya kutoka nje. Jumamosi iliyopita ilikata kutwa nzima, na harusi mbili tulizimaliza tukawakabidhi wenyewe jioni.