CatEye Velo 9 au Garmin Edge 130 Plus: ipi ufunge kwenye baiskeli?

Hizi ni kompyuta ndogo za baiskeli, za kuonyesha mwendo na umbali, na ninazo zote mbili. Anayetaka kujua mwendo, umbali na saa tu, namwambia achukue Velo 9 ya waya na pesa inayobaki anunue tairi nzuri. Edge 130 Plus inafaa ukitaka mapigo ya moyo, miinuko au kufuata njia uliyoipakia. Haina ramani kamili: inakuchorea mstari wa kufuata, basi.

Velo 9 inahesabu mizunguko ya gurudumu la mbele. Sumaku inakaa kwenye spoku, sensa kwenye mguu wa foki. Nafasi kati yake isizidi milimita 5, la sivyo kasi itarukaruka au kubaki sifuri. Kabla hujalaumu betri, angalia kama sumaku imeteleza. Mara nyingi shida ni hiyo. Waya uzungushie kebo ya breki, uuache ulegee kidogo karibu na usukani, kisha kata kona mpaka mwisho kulia na kushoto. Ukikazwa sana unakatika ndani kwa ndani, na nje hauonyeshi chochote.

Kazi yenyewe ni kipimo cha gurudumu, yaani umbali ambao tairi inasogea kwa mzunguko mmoja, unaouingiza kwenye Velo 9. Jedwali la CatEye linasema tairi ya 700x25 (25 ni upana wake kwa milimita) ni milimita 2105, na 700x32 ni 2155. Ukiweka 2105 huku umevaa 32, kilomita 100 zitasomeka kama 97.7. Kwa baiskeli za mizigo na tairi zisizo na jina, jedwali mimi siliamini. Jaza upepo unaoutumia kila siku, weka valvu chini kabisa, chora alama sakafuni. Panda baiskeli, mtu akushikilie, usogee mbele mizunguko miwili kamili, chora tena. Pima, gawa kwa mbili. Lazima uwe umekaa juu, kwa sababu uzito wako unabonyeza tairi na mzunguko unapungua.

Edge inatumia GPS, kwa hiyo haikusumbui na hayo yote, ila ipe muda wa kushika setilaiti kabla hujaondoka, na chini ya miti mingi au katikati ya maghorofa kasi yake huchelewa. Edge inapima miinuko kwa baromita, kipima shinikizo la hewa. Tundu lake likizibwa na jasho au matope, mlima unageuka tambarare. Suuza kwa maji safi, usichokoe kwa sindano.

Na simu? Ikiwa mfukoni na programu ya Strava ya kurekodi safari, inatosha kabisa. Juu ya usukani jua linaipasha moto, skrini inafifia, na mtikisiko si rafiki wa kamera: mwaka 2021 Apple ilionya kuhusu iPhone zinazofungwa kwenye pikipiki zenye injini kubwa.

Velo 9 inatumia betri ya CR2032. Kabla ya kuibadilisha, andika mahali kipimo cha gurudumu ulichoweka, maana utaanza kuseti upya.