Programu ya kubana demo ya muziki: ipi uchukue, ipi uiache

Demo ya dakika 4 ikitoka studio kama WAV ya kawaida (faili ya sauti isiyobanwa), yaani sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, stereo, ina uzito wa MB 42 hivi. Gmail haikubali kuambatisha kinachozidi MB 25, na mtangazaji anayepokea nyimbo kibao kwa wiki hatamalizia bando lake kwako. Wimbo huohuo ukiwa MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde unashuka hadi MB 9.6, kwa 192 ni MB 5.8, kwa 128 ni MB 3.8. Hesabu yake: zidisha kilobiti kwa idadi ya sekunde, gawanya kwa 8,000, unapata MB.

Kabla hujatoa hela, jua kwamba programu nyingi za kutengeneza MP3 zinatumia injini moja, LAME, nayo ni ya bure. Anayelipa hanunui sauti bora, ananunua urahisi. Na usichanganye: plagini ya kompresa, yaani kiongezi cha programu ya kurekodia, hata iwe ghali vipi, inasawazisha nguvu ya sauti tu, faili haipungui hata kidogo.

1. fre:ac

Hii ndiyo ya kuanza nayo. Ni bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na LAME zimo ndani tayari pamoja na Opus (aina nyingine ya faili iliyobanwa) na FLAC (inayobana bila kupoteza sauti). Buruta WAV zako zote kwa mkupuo, chagua LAME, kisha weka kiwango kinachobadilika, VBR, namba 2. Kiwango hicho huzunguka kilobiti 190 na kinaitosha karibu kila demo. Ukiwa na ngoma nyingi na matoazi makali, panda hadi namba 0, kama kilobiti 245. Sura yake ni ya kizamani, lakini kazi inakwenda. Angalia tu folda ya kutolea faili kabla ya kubonyeza, la sivyo utazitafuta.

2. Programu unayorekodia

Kama una FL Studio au REAPER, huhitaji kupakua kitu kingine: zote zinatoa MP3 moja kwa moja. Makosa hutokea hapa kuliko kwingine. Kwenye FL Studio hakikisha uko kwenye hali ya wimbo mzima, si patani (kipande kifupi kinachorudiwa), maana wapo wanaotuma mdundo wa sekunde nane wakidhani ni wimbo. Pia ruhusu mkia wa sauti umalizike. Mwangwi wa mwisho ukikatwa ghafla, wimbo unasikika kama umekatika umeme. Tunaiweka ya pili kwa sababu kila ukitaka kiwango tofauti lazima utoe wimbo upya. Afadhali utoe WAV ya biti 24 mara moja, ibaki kuwa faili mama, halafu ubane kwa fre:ac.

3. Audacity

Bure pia. Nguvu yake ni kukata. Prodyuza asiyekujua hahitaji dakika nne: chagua sekunde 60 zenye kiitikio, ipunguze sauti taratibu mwishoni, toa MP3 ya kilobiti 192, na faili haifiki MB 1.5. Maelekezo ya zamani yanayokutaka upakue LAME kando yapuuze. Tangu toleo 2.3.2 la mwaka 2019 imo ndani.

4. ffmpeg

Kwa asiyeogopa kuandika amri. Hii inatosha:

ffmpeg -i demo.wav -c:a libmp3lame -q:a 2 demo.mp3

Ni bure na ina haraka hata kwenye kompyuta ya zamani. Haina vitufe wala picha, ndiyo maana iko hapa chini.

5. dBpoweramp

Hii ni ya kulipia, ila unapewa siku 21 za majaribio. Ni nzuri kupanga majina na taarifa za mamia ya nyimbo, kwa hiyo inalifaa lebo au studio yenye maktaba kubwa. Msanii mwenye nyimbo tano ataona hasara.

Tovuti za kubana faili hatuzipi nafasi yoyote. Unapakia MB 42 kwa bando lako, na wimbo ambao haujatoka unaukabidhi kwenye seva ya mtu usiyemjua.

Programu yoyote utakayochukua, acha nafasi ya desibeli 1 kati ya kilele cha masta (wimbo uliokamilika) na sifuri, ukomo wa sauti. Kubana kunabadilisha umbo la mawimbi, na kilele kilichokuwa desibeli −0.1 kinaweza kuvuka sifuri na kukwaruza. Usibane MP3 ya 128 kuwa 320 pia: faili inakua na kilichopotea hakirudi. Ukishuka sana kilobiti, haihati (matoazi mawili ya ngoma yanayogongana) na kayamba ndizo huharibika kwanza, kwa hiyo zisikilize hizo kabla ya sauti ya mwimbaji.

Opus ya kilobiti 96 ni MB 2.9 kwa wimbo wa dakika nne na kwa masikio ya wengi inaishinda MP3 ya 128, lakini redio nyingi za magari haziifungui. Mtumie unayejua ana simu ya kisasa. Picha ya jalada unayoiweka ndani ya faili iwe JPEG ya pikseli 600 kwa 600; PNG kubwa yaweza kuongeza MB kadhaa ulizopigania kuzipunguza. Namba yako ya simu iandike kwenye sehemu ya maoni ndani ya faili, na WhatsApp itume kama dokumenti ili jina la faili libaki.

Sauti za kuimba za kuingiza kwenye mdundo wa mwenzako ni suala jingine. MP3 huongeza ukimya mfupi mwanzoni, hivyo mashairi yatachelewa mdundo. Hizo mtumie kwa FLAC: mara nyingi hupunguza WAV kwa theluthi hadi nusu bila kupoteza kitu, na fre:ac inaitengeneza vilevile.