Databesi ya kukodi inayoua koneksheni kimyakimya, na sapoti iliyonijibu ovyo

Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Tuna mfumo wa wavuti wa Java, Spring Boot, na databesi yake ni PostgreSQL ya kukodi, yaani kampuni ndiyo inaiendesha, wewe unapewa anwani na nywila basi. Jina lao naliacha.

Ilianza kama mzaha. Watu wakiwa wengi kwenye mfumo kila kitu kinakimbia vizuri, ila kukitulia kidogo, mapumziko ya mchana au alfajiri, yule wa kwanza kurudi anabonyeza kitufe na ukurasa unazunguka weee, nusu dakika nzima, halafu kosa. Anajaribu tena, kosa. Baadaye kidogo mambo yanakaa sawa utadhani hakuna kilichotokea. Ukifungua logi unakuta HikariCP, yaani kile kipande cha Java kinachotunza koneksheni, laini za kwenda kwenye databesi, imeandika "Connection is not available", imesubiri milisekunde 30000 ikakata tamaa, na juu yake kuna mistari kadhaa inayolalamika kwamba koneksheni fulani imeshindwa kukaguliwa. Hiyo mistari ya juu ndiyo yenye habari, na ndiyo niliyowatumia sapoti, yote, pamoja na swali moja tu: koneksheni ikikaa kimya nyie mnaikata baada ya dakika ngapi?

Jibu likaja: "Dada, puli yako ni ndogo, weka 100 halafu uristati."

Hakusoma! Puli ni lile kundi la koneksheni zinazofunguliwa mapema zikae tayari, ombi likija linaazima moja, likimaliza linarudisha. HikariCP usipoiambia kitu inaweka 10. PostgreSQL yenyewe isipobadilishwa inapokea 100 kwa jumla, 3 kati ya hizo zimetengewa msimamizi mkuu, na kila koneksheni ni prosesi kamili inayokula memori ya seva. Sisi mfumo unakimbia kwenye seva mbili. Mia mara mbili! Seva ya pili ingekuwa inarudishwa mlangoni kutwa nzima. Nikamwandikia hivyo, kwa heshima kabisa, salamu na shukrani juu, akanijibu kwamba Java ndivyo ilivyo, inamaliza koneksheni, na kama sielewi nitafute mtu anayejua databesi anisaidie. Akafunga tiketi. Mteja analipa, swali halijajibiwa, tiketi imefungwa.

Hapo ndipo nilipochemka. Mimi hizi puli nimeanza nazo enzi za kuandika Resource ndani ya context.xml, faili la setingi la Tomcat, ile seva ya programu za Java; jar ya draiva, yaani programu inayoongea na databesi, lazima uiweke kwenye lib ya Tomcat la sivyo haioni kitu, halafu ukihamia Tomcat 8 unakuta maxActive, kikomo cha koneksheni za puli, sasa inaitwa maxTotal na setingi yako ya zamani haisikilizwi tena. Nimekesha kwa ajili ya haya mambo. Sasa mtu ambaye hata mistari niliyomtumia hajaitazama ananiambia nitafute anayejua.

Basi nikapima mwenyewe. Nikafungua koneksheni moja kwa psql, programu ya kuandikia amri za PostgreSQL, nikaiacha, nikarudi nikaandika select 1, swali dogo la kujua kama laini ipo, kisha nikawa naongeza muda wa kuiacha. Ikikaribia dakika 5 bado hai, ikizipita imekufa. Na inakufa vibaya, maana katikati kuna faiwali yao au proksi, kitu gani hasa hawataki kusema, inaitupa koneksheni bila kutuma taarifa upande wowote, kwa hiyo draiva inaamini laini ipo. HikariCP kabla ya kukupa koneksheni iliyokuwa imekaa inaikagua kwanza, na ukaguzi una kikomo cha sekunde 5. Sasa zote 10 zimekufa: ya kwanza sekunde 5, ya pili sekunde 5, ya tatu, ya nne, mpaka sekunde 30 za ombi zinaisha na mtumiaji hajapata kitu. Ndiyo ile nusu dakika. Ukiweka 100 kama alivyosema unajiongezea maiti za kukagua tu.

Na usitegemee maxLifetime ya kawaida, umri wa mwisho wa koneksheni kwenye puli, ikuokoe, ile ni dakika 30, faiwali inakuwahi mapema sana. idleTimeout, ya kufunga zilizokaa bure, nayo haifanyi lolote kama minimumIdle, idadi ndogo kabisa ya zinazokaa tayari, iko sawa na ukubwa wa puli, na ndivyo inavyokuja. Wapo watakaosema washa tcpKeepAlive ya draiva, inayoipigia laini iliyokaa kimya kuona kama bado ipo, sawa, lakini Linux isipoguswa inasubiri saa 2 ndipo itume ping ya kwanza. Kilichotuponya ni keepaliveTime ya HikariCP, tumeweka 60000, yaani kila dakika inazigusa zile zilizokaa kimya, na maxLifetime tukaishusha chini ya dakika 5 kwa usalama. Puli imebaki 10 ileile. Tangu hapo kimya, hakuna simu ya asubuhi. HikariCP naipa nyota tano bila kufikiri, ingawa kwenye toleo letu hiyo keepaliveTime huja imezimwa, na hilo limenikera, kitu muhimu hivyo kwa nini mtu akitafute? Haya, nne na nusu.

Hao wa databesi sasa. Niseme haki, databesi yenyewe iko haraka, na kipindi fulani tulihitaji kurudisha bakapu ikarudi safi bila mkwaruzo. Kwa hilo nilishapanga kuwapa tatu. Hata kukata koneksheni zilizolala sina ugomvi nako, wengi wanafanya, ila iandikwe mahali mtu aione! Nimepekua maelekezo yao yote, hakuna. Mbili basi. Halafu nimeifungua ile tiketi sasa hivi ili ninukuu vizuri, nimesoma tena "tafuta mtu anayejua databesi", hapana, ni moja.

Bado tupo kwao kwa sababu kuhamisha data ya wateja si kazi ya kukurupuka. Lakini maandalizi yameanza, na huko tunakoenda ile idadi ya dakika naitaka kwa maandishi kabla sijalipa chochote.