Kozi ya takwimu mtandaoni: video safi, ila ukikwama utajijua

Nimemaliza hii kozi ya takwimu juzijuzi (jina naliacha) na kuna watu wananiuliza kama inafaa kulipia. Video zenyewe ni safi sana, sauti haikwaruzi, na jamaa kufundisha anajua aisee, mambo ya wastani na mtawanyiko ambayo shuleni nilikuwa nakariri tu huku nimeyaelewa, maana unamrudisha nyuma mara utakazo na hakukunjii uso.

Tena ni fupi, na hiyo siyo bahati. 2014 kuna watafiti walichambua data za edX (jukwaa la kozi za mtandaoni) wakakuta mtazamaji wa kawaida havuki dakika sita hata video iwe ndefu vipi. Ndo maana walimu siku hizi somo la saa nzima wanalikatakata vipande, wanaandika skripti, wanasoma mbele ya kamera, yani utangazaji mtupu.

Sasa ngoja ukwame. Tulipofika kwenye kupima dhana nikauliza, thamani ya p (ile namba inayotoka mwisho wa kipimo) ikiwa 0.03 kwanini tusiseme uwezekano wa dhana sifuri, yani ile ya kwamba hakuna tofauti yoyote, kuwa kweli ni asilimia 3? Msaidizi akajibu "rudia video ya nne". Video ya nne ndo iliyonivuruga! Darasani mwalimu angeniangalia tu usoni akajua sijaelewa, akatafuta mfano mwingine. Aliyeniokoa ni mwanafunzi mwenzangu, akaniandikia kwamba hiyo 0.03 ni uwezekano wa kupata matokeo kama hayo au makali zaidi, na imepigiwa hesabu tukiwa tumeshachukulia dhana sifuri ni kweli, sasa itakuambiaje tena kama ni kweli au la? Mistari miwili tu, nikaelewa.

Mazoezi yanasahihishwa na mashine, ripoti ya mwisho mnasahihishana wenyewe kwa wenyewe, mimi niliandikiwa "nzuri", basi.

Kuna kozi nyingine niliwahi kusoma, mwalimu anajirekodi na simu, mwanga hovyo, ila kazi zako anasoma yeye mwenyewe na anakuandikia pembeni, "hapa umegawanya kwa n, kwanini siyo n toa 1?" (n ni idadi ya data zako). Yule sijawahi kuonana naye ana kwa ana ila nilijua kuna mtu ananifundisha, na nilikuwa naogopa kupeleka kazi ya kulipua.

Hii naipa nyota tatu kati ya tano, zote za video. Kabla hujalipa waulize kazi zako atasoma nani, wakianza kukusifia ubora wa kamera nenda zako YouTube, maelezo mazuri ya takwimu yamejaa kule na ni bure.