Chujio la sponji: dogo, rahisi, na linaokoa samaki

Wengi wanaonunua samaki wa mapambo kwa mara ya kwanza huuliza kama chujio ni lazima, na muuzaji mwenye haraka huwajibu, "Badilisha tu maji." Kwa beta mmoja (samaki mdogo wa mapambo) kwenye lita 20 zenye mimea mingi ya maji, jibu hilo linafaa: beta huja juu kuvuta hewa, na mimea hula amonia, yaani sumu itokanayo na taka za samaki. Kwa samaki wawili wa dhahabu kwenye bakuli la lita 5, jibu hilohilo linaua.

Amonia haionekani. Hutoka kwenye matamvua ya samaki wenyewe na kwenye chakula kinachooza, kwa hiyo maji yanaweza kung'aa huku matamvua yakiungua. Joto la pwani linazidisha tatizo, maana maji ya nyuzi 29 hubeba oksijeni kidogo na amonia huwa kali zaidi humo.

Kwa tangi la lita 40 hadi 80 lenye gapi (samaki wengine wadogo) au beta, tunapendekeza chujio la sponji la pampu ya hewa. Mapovu yakipanda kwenye mrija wa katikati huvuta maji kupitia sponji, na ndani ya vitundu vyake huishi bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Nitrati unaiondoa kwa kubadilisha robo ya maji kila wiki. Pampu ya wati 3 ikiwaka usiku na mchana hula uniti 2 hivi kwa mwezi.

Kulifunga ni kazi ya dakika kumi. Ikamue sponji ndani ya maji mpaka mapovu yaishe, la sivyo itaelea. Weka vali ya kuzuia maji kurudi kwenye mpira unaopeleka hewa kutoka pampu, mshale ukielekea tangini; bila vali, umeme ukikatika maji hurudi kwa mpira huo hadi kwenye pampu. Kisha subiri: bakteria huhitaji wiki 4 hadi 6 kukomaa. Anza na samaki wachache, na upime amonia.

Kosa linaloharibu kila kitu ni kuosha sponji kwa maji ya bomba. Klorini huua bakteria, na baada ya siku chache samaki wanahemea juu. Ikamue kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini, kila wiki 2 hadi 4, na usiache mpaka ianze kutoa utelezi mweusi.

Kasoro zake zipo. Pampu za bei rahisi huvuma, hivyo zikalishe juu ya kipande cha godoro. Mapovu yakififia, mara nyingi ni kiwambo cha mpira ndani ya pampu kimechanika, nacho hubadilishwa. Na kwa mbuna, samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, kwenye lita 200, sponji moja haitoshi kabisa; hapo nunua chujio la nje, linalokaa nje ya tangi, na sponji ibaki ya akiba.