Mtungi wa Gesi wenye Mita: Tathmini ya Miezi Minne katika Banda la Mama Lishe

Kwa muda wa miezi minne sasa, mama yangu mdogo, ambaye huuza chakula karibu na kituo cha daladala wilayani Temeke, amekuwa akipikia gesi ya mtungi uliofungwa mita, ile inayolipiwa kwa simu kidogo kidogo kama tunavyonunua umeme wa LUKU. Mimi ndiye niliyemjazia fomu na ndiye ninayemsaidia kuosha vyombo karibu kila Jumamosi, kwa hiyo ninayoyaeleza nimeyaona. Jina la kampuni nitaliacha, kwa kuwa malalamiko niliyonayo ni juu ya huduma ya aina hii kwa ujumla kuliko juu ya mtoa huduma mmoja.

Mita yenyewe hukaa juu ya mtungi, na ndani yake mna laini ya simu inayowasiliana na kampuni. Ukilipa shilingi 2,000, valvu hufunguka na kukupa gesi ya thamani hiyo, ikiisha, hujifunga. Mtungi unapokaribia kuwa mtupu kampuni huona yenyewe, na kijana wa pikipiki huleta mwingine. Katika miezi hii minne amechelewa mara moja tu, siku ya mvua.

Faida kubwa ya chombo hiki sikuielewa mpaka nilipomlinganisha mama mdogo na jirani yake, mwalimu wa sekondari anayekaa nyumba ya pili kutoka kwake. Mshahara unapoingia, mwalimu hujaza mtungi wa kilo 15, na habari ya moto huwa imekwisha mpaka mwezi mwingine. Mama mdogo hutumia kwa moto fedha nyingi zaidi kuliko mwalimu yule, maana anapikia watu wapatao sitini kwa siku, lakini fedha yake huingia sahani kwa sahani na hutoka hivyo hivyo: asubuhi unga, mchana mboga, jioni mchezo wa kina mama wa kuchangiana fedha na nauli za wajukuu. Ndiyo maana kwa miaka mingi alinunua mkaa kwa kisado, ingawa alijua fika kwamba gunia zima lingemtoka kwa bei nafuu zaidi. Nilipomuuliza kwa nini hakununua mtungi zamani, alinijibu, “Mwanangu, hela ya mtungi ninayo kila siku, ila haijawahi kulala nyumbani kwangu usiku mmoja ikiwa nzima.”

Nimewahi kukaa katika semina mbili ambamo mama lishe walielezwa madhara ya mkaa kana kwamba hawayajui. Wanayajua kuliko mtoa mada. Mama mdogo ana miaka 51, na tangu akiwa na 24 huinamia majiko kuanzia saa kumi alfajiri. Mkaa hautoi moshi mzito kama kuni, na kwa sababu hiyo wengi huuona hauna neno, ilhali hutoa kwa wingi hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huleta maumivu ya kichwa na kizunguzungu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu itokanayo na kupikia majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2, vingi vikiwa vya magonjwa ya moyo, kiharusi, nimonia na magonjwa sugu ya mapafu. Mwalimu akikohoa wiki mbili ana kadi ya bima inayokatwa kwenye mshahara, na siku atakayokwenda hospitali italipwa kama siku nyingine. Mama mdogo hana mwajiri wa kumkatia chochote; siku akifunga banda, wateja wake hula kwa jirani, na baadhi yao hawarudi. Basi hununua dawa ya kifua dukani na kurudi jikoni, kwenye kile kile kinachomkohoza.

Baada ya miezi minne, kichwa kilichokuwa kikimuuma kila alasiri, ambacho yeye alikisingizia jua, kimepungua sana. Kikohozi bado kipo, na sitadai kwamba mita imemtibu. Kwa gharama, mkaa ulikuwa ukimla kati ya shilingi 9,000 na 11,000 kwa siku. Sasa gesi na mkaa kidogo uliobaki havizidi 9,000. Nafuu hiyo ni ndogo, lakini haikumdai mtaji.

Nimesema mkaa uliobaki kwa sababu haujaondoka, na hapa kasoro zinaanza. Jiko la plati mbili linaloletwa pamoja na mtungi limetengenezwa kwa familia ya watu watano. Sufuria la kilo nane za wali hufunika plati zote mbili na kuyumba kila linapokorogwa. Mara ya kwanza nililishika kwa matambara huku mama mdogo akicheka. Banda liko wazi pande tatu, kwa hiyo upepo wa mchana huulaza moto pembeni na gesi huliwa bure. Tulitaka kuzungushia bati, fundi wao akatukataza, na alikuwa na haki, maana joto lingerudi kwenye mpira wa gesi. Lakini hakuwa na njia nyingine ya kutupa. Kisha kuna kupalia. Wali wa nazi bila makaa juu ya mfuniko haukauki anavyotaka mteja wa Temeke, wala hauachi ukoko ambao makondakta huupigania. Maharage nayo, hata yakilowekwa usiku kucha, bado hupelekwa kwenye mkaa kwa kuwa yanakaa motoni muda mrefu. Kutoka majiko matatu ya mkaa tumebaki na moja, na yeye bado anasimama kando yake.

Kasoro inayonisumbua zaidi ni mahali pa kulala mtungi. Mkataba unadai mtungi ukae kwenye anwani iliyosajiliwa, nayo kampuni ilisajili chumba anachopanga mama mdogo, kwa kuwa banda halina namba ya nyumba. Banda halifungiki, hivyo kila jioni mtungi hubebwa kwa mkokoteni hadi katika chumba kimoja anacholala yeye na wajukuu wawili. Gesi hii ni nzito kuliko hewa; ikivuja hutuama chini, na chini ndiko yaliko magodoro ya watoto. Banda lililo wazi lingekuwa salama zaidi kwake, laiti lingekuwa na mlango wa kufunga. Nilipowaeleza kampuni, walinijibu kwa adabu kwamba huduma yao ni ya majumbani.

Mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimekwisha agizwa kuachana na kuni na mkaa. Mwanamke anayelisha watu sitini pembeni ya barabara si taasisi, na kwa kampuni ya gesi si nyumba pia.

Katika nyota tano naipa huduma hii tatu na nusu, na nusu hiyo ni ya kijana wa pikipiki. Kwa anayepikia nyumbani na kulipwa kwa siku, aichukue bila kusita. Kwa mama lishe, naye aichukue, ila kabla ya kutia saini aulize kama mtungi unaweza kusajiliwa bandani, na atenge fedha ya jiko moja kubwa la chuma lenye miguu. Letu tulichongesha kwa fundi wa eneo la Gerezani, hapa Dar es Salaam, na tangu hapo sufuria la wali limetulia.